Martin Johnson: Mpiga picha aliyewasubiri ndovu wa Marsabit kando ya maji

Kati ya jangwa la Chalbi na tambarare kame za Kaisut, Mlima Marsabit umesimama kama kisiwa cha msitu katikati ya bahari ya mawe na vumbi. Kilele chake kina kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukungu unaokifunika nyakati za asubuhi ndio unaoulisha msitu huo maji pale ambapo nchi yote inayouzunguka imekauka. Ndani ya moja ya mabonde ya volkano ya mlima huo, ambayo Waborana huyaita gof, limo ziwa dogo linalojulikana leo kwa jina la Ziwa Paradise.

Jina la ziwa hilo lilivuma duniani katika miaka ya 1920 kwa sababu ya picha. Aliyezipiga ni Mmarekani Martin Elmer Johnson, ambaye pamoja na mkewe, Osa, alifanya makao kwenye ukingo wa ziwa hilo kuanzia mwaka 1924 ili kuwatazama wanyama wa kaskazini mwa Kenya na kuwaweka katika mkanda wa filamu. Wakati huo wageni wengi waliofika Kenya kwa ajili ya wanyamapori walibeba bunduki na kurejea makwao na pembe, ngozi na vichwa. Johnson naye alikuja na bunduki, lakini shehena yake kubwa ilikuwa kamera, dawa za kusafishia picha na maelfu ya mita za filamu.

Maisha yake yanastahili kukumbukwa kwa mema yake na kwa makosa yake pia. Yanaonyesha thamani ya mtu kuketi kimya na kumwacha mnyama aishi kama alivyo, na yanaonyesha hasara inayotokea pale subira hiyo inapokosekana.

Mtoto wa muuza saa

Martin Johnson alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1884 mjini Rockford, jimbo la Illinois, nchini Marekani, na akakulia katika mji mdogo wa Independence, jimbo la Kansas. Baba yake alikuwa na duka la vito na saa, na humo aliuza pia kamera na vifaa vya kampuni ya Eastman Kodak. Kijana Martin alijifunza kazi ya kupiga na kusafisha picha katika duka hilo, tena mapema kuliko alivyojifunza masomo ya darasani. Kumbukumbu za familia zinasimulia kuwa aliondolewa shuleni baada ya kuunganisha picha za walimu wake kwa namna iliyowaonyesha wakifanya mambo ambayo hawakuyafanya. Mzaha huo wa utotoni unafaa kukumbukwa, kwa kuwa swali la ukweli wa picha lingemfuata maisha yake yote.

Mwaka 1906 mwandishi mashuhuri Jack London alitangaza nia yake ya kuizunguka dunia kwa jahazi dogo aliloliita Snark. Johnson alimwandikia barua ya kuomba nafasi, akapewa kazi ya upishi ingawa hakuwa na ujuzi wowote wa jikoni. Jahazi lilitweka tanga kutoka San Francisco mwezi Aprili 1907 na kuvuka Bahari ya Pasifiki kwa shida nyingi za mitambo na maradhi. Safari hiyo haikukamilika, kwa maana London aliugua na kulazimika kuikatiza, lakini Johnson alirudi nyumbani akiwa na picha, visa na tamaa ya kusafiri ambayo haikumwacha tena.

Tarehe 15 Mei 1910 alifunga ndoa na Osa Helen Leighty, binti wa miaka 16 kutoka mji wa Chanute katika jimbo hilohilo la Kansas. Kwa miaka kadhaa wawili hao walizunguka miji ya Marekani wakionyesha picha za safari ya Snark na kutumbuiza jukwaani. Walipopata fedha za kutosha walikwenda visiwa vya Pasifiki mwaka 1917, kisha Borneo, na filamu walizorudi nazo zikawapa jina. Kufikia hapo, hata hivyo, Johnson hakuwa mpiga picha wa wanyama.

Wito wa Akeley

Aliyembadilishia mwelekeo ni Carl Akeley, mchongaji na mtaalamu wa kuhifadhi miili ya wanyama katika Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la Marekani mjini New York. Akeley alikuwa amesafiri Afrika Mashariki mara kadhaa na alihofia kwamba wanyama wa bara hili wangetoweka kabla dunia haijawafahamu. Pia alikuwa amebuni kamera ya filamu iliyofaa kazi ya porini. Kamera za kawaida za wakati ule zilikuwa nzito kugeuza, hivyo mnyama akikimbia, mpiga picha humkosa. Kamera ya Akeley, yenye umbo la mviringo, iligeuka na kuinuka kwa ulaini, na ilimwezesha mtu mmoja kumfuata swala aliyeko mbioni bila picha kutikisika.

Johnson na mkewe walifika Kenya mwaka 1921. Walipata ushauri wa Blayney Percival, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni mwenye dhamana ya wanyamapori, na wakaanza kujifunza kazi mpya ambayo haikufanana na kupiga picha za watu. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kuvunja moyo. Wanyama walisikia mlio wa kamera wakatimka. Upepo uligeuka na kupeleka harufu ya binadamu kule kusikotakiwa. Hewa ya moto iliyopanda kutoka ardhini saa za mchana iliyumbisha kila kitu kilichokuwa mbali, hata punda milia wakaonekana kwenye filamu kama vivuli vinavyoelea majini.

Katika safari hiyo walielekea kaskazini, wakavuka Mto Ewaso Nyiro na nchi kame ya Wasamburu na Warendile, hadi wakafika Marsabit na kuliona ziwa lililozungukwa na msitu, ndovu wakinywa maji ukingoni. Filamu iliyotokana na safari hiyo ilionyeshwa Marekani mwaka 1923. Johnson mwenyewe hakuridhika. Aliona kuwa mtu anayepita haraka huwapata wanyama wakiwa wanakimbia tu, na kwamba anayetaka kuwaona wakiishi hana budi kuishi nao.

Makao juu ya jangwa

Mradi wa kuishi miaka kadhaa msituni ulihitaji fedha nyingi. Jumba la makumbusho la New York liliuunga mkono, na miongoni mwa waliotoa mitaji alikuwamo George Eastman, mwanzilishi wa kampuni ileile ambayo bidhaa zake ziliuzwa dukani kwa baba yake Johnson.

Mwaka 1924 msafara ulitoka Nairobi ukiwa na magari, mikokoteni ya kukokotwa na ng'ombe, ngamia na wapagazi wengi. Njia ilikuwa ndefu, zaidi ya kilomita 500, na sehemu kubwa ya mwisho haikuwa na barabara. Eneo hilo liliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na serikali ya kikoloni ililifunga kwa wageni, hivyo hakuna aliyeingia bila kibali. Katika mabonde yaliyokauka magari yalizama mchangani, na kila pipa la maji lililobebwa lilihesabiwa.

Uchaguzi wa Marsabit haukutokana na uzuri wa mandhari peke yake. Filamu za wakati huo zilitengenezwa kwa kemikali inayoshika moto upesi na kuharibika haraka katika joto. Filamu iliyokwisha kupigwa ilipaswa kusafishwa mapema, kwa maji safi na baridi, jambo lisilowezekana katika tambarare za jangwani. Mlimani kulikuwa na usiku wa baridi, maji ya kuchuja na kivuli. Huko Johnson alijenga maabara yenye chumba cha giza, akaleta mtambo wa umeme, na akaweza kuiona kazi yake siku chache baada ya kuipiga. Akikosea, alirudi kurekebisha kabla wanyama hawajahama.

Kando ya maabara palijengwa nyumba za miti na udongo zilizoezekwa nyasi, maghala na makazi ya wafanyakazi. Osa alilima bustani ya mboga, akafuga kuku na kusimamia chakula cha kambi nzima. Kambi hiyo ilikuwa kijiji kidogo, na iliendeshwa kwa jasho la wanaume wa Kenya waliobeba mizigo, waliochota maji, waliochunga ngamia na waliokesha na bunduki. Vitabu vilivyotungwa baadaye vinawataja wachache tu kwa majina. Mmoja wao ni mfuatiliaji nyayo aliyeandikwa humo kwa jina la Boculy, ambaye ujuzi wake wa ndovu uliwashangaza wageni hao. Kwa kutazama kijiti kilichovunjika au alama ya mguu iliyoanza kukauka, alitambua kundi lilipita lini, lilikuwa na wangapi na lilielekea wapi. Picha nyingi za ndovu zilizompa Johnson umaarufu zilianza na macho ya Boculy.

Kazi ya kusubiri

Mbinu kuu ya Johnson ilitegemea jambo moja ambalo wafugaji wa kaskazini walilijua tangu zamani: katika nchi kame, kila kiumbe hufuata maji. Wakati wa mvua ndovu wa Marsabit hushuka mlimani na kutawanyika tambarare, ambako majani ni mabichi na vidimbwi vimejaa. Kiangazi kinapokaza, hurudi msituni. Punda milia, twiga, choroa na swala twiga wa nyanda za chini nao hubanwa na ukame. Choroa na swala twiga wanaweza kukaa muda mrefu bila kunywa, wakitegemea unyevu wa majani, ilhali punda milia hawana budi kuyafuata maji mara kwa mara. Mwenye kuvijua visima na vidimbwi vilivyosalia, basi, hana haja ya kumkimbiza mnyama. Amsubiri hapo.

Johnson alijenga vibanda vya maficho kwa mawe na matawi ya miiba karibu na maji, akiangalia kwanza upepo wa eneo hilo huvuma kutoka wapi. Aliingia kabla ya mapambazuko na kukaa humo hadi jioni, siku baada ya siku, katika joto kali na nzi. Hakuruhusiwa kukohoa, kuvuta tumbaku wala kunyoosha miguu ovyo. Wanyama hawakuja moja kwa moja. Twiga alisimama mbali kwa muda mrefu akikagua kila kichaka, akasogea hatua chache, akarudi nyuma, akasogea tena. Hofu yake ilikuwa na sababu, kwa kuwa twiga hutanua miguu ya mbele anapoinama kunywa, na katika mkao huo hawezi kukimbia upesi. Kelele moja ndogo ilitosha kufuta kazi ya siku nzima.

Hata mnyama alipofika, nafasi ilikuwa fupi. Kamera ilizungushwa kwa mkono, kwa mwendo usiobadilika wa mizunguko miwili kila sekunde, na kila sekunde ilikula takriban sentimita 30 za filamu. Mpiga picha alipaswa kuamua papo hapo kama anachokiona kinastahili gharama hiyo. Mikono yake na jicho lake vikiwa kwenye kamera, hakuweza kujilinda. Jukumu hilo lilikuwa la Osa, aliyesimama kando yake na bunduki pamoja na walinzi wa msafara. Kifaru au ndovu akija kwa hasira, Johnson aliendelea kuzungusha mpini kwa kumwamini mkewe, na Osa alipaswa kukisia ni umbali gani ambao kuvumilia zaidi kungekuwa kifo.

Katika vibanda hivyo ndimo Johnson alimopata picha zake bora. Zinaonyesha punda milia wa Grevy, wenye milia myembamba na masikio mapana, wakigombea nafasi kwenye kidimbwi. Zinaonyesha twiga wa kaskazini, ambao madoa yao yamepangika kama wavu, wakinywa kwa zamu huku mmoja akilinda. Zinaonyesha ndovu wakioga vumbi, wakiwasukuma ndama kwa mkonga na kuinua vichwa kunusa upepo. Kwa watazamaji wa mbali waliomjua ndovu kama mnyama wa sarakasi au jozi ya pembe ukutani, mambo hayo ya kawaida yalikuwa habari mpya.

Picha za usiku

Wanyama wengi wa nchi kame hunywa na kuwinda usiku, na filamu za wakati huo hazikuweza kuona gizani. Johnson hakuwa wa kwanza kulitafutia jambo hilo ufumbuzi. Mjerumani Carl Georg Schillings alikwisha kuchapisha mwaka 1905 picha za usiku alizozipiga katika nyika za Wamasai, katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Tanzania, kwa kutumia mwako wa unga wa magnesiamu. Johnson aliiendeleza njia hiyo. Alisimika taa za unga juu ya nguzo, akaziunganisha kwa nyaya na betri, na kutega uzi karibu na maji au karibu na mzoga. Mnyama alipougusa uzi, unga uliwaka, kamera ikafunguka, na mnyama akawa amejipiga picha mwenyewe.

Simba, chui na fisi walipatikana kwa njia hiyo. Baadhi ya usiku Johnson na Osa walikaa wenyewe ndani ya boma dogo la miiba, wakitenganishwa na simba kwa matawi tu. Mvua au umande ulitosha kulowesha unga na kuharibu mtego wote, na mara nyingine fisi ndiye aliyewahi uzi uliotegewa simba.

Upande wa pili wa sifa

Filamu kuu ya kipindi cha Marsabit, iliyoitwa Simba, ilitolewa mwaka 1928 na kuvuta watazamaji wengi nchini Marekani. Ndani yake, hata hivyo, mna mambo mawili yasiyolingana. Zipo picha za kidimbwini, ambazo ni kumbukumbu ya kweli ya maisha ya wanyama. Zipo pia picha za vitisho, ambazo nyingi zilitokana na kumsogelea mnyama kwa makusudi mpaka akasirike na kushambulia. Mnyama aliyefanya hivyo mara nyingine aliuawa kwa risasi mbele ya kamera, na hadhira ikaondoka ikiamini kuwa ukali ndio tabia yake ya kila siku. Matukio yaliyopigwa kwa nyakati na mahali tofauti yaliunganishwa yakaonekana kuwa kisa kimoja. Wafanyabiashara wa sinema walitaka msisimko, na Johnson, aliyekuwa na wadai wa kuwalipa, aliwapa.

Kosa kubwa zaidi lilihusu watu. Filamu hiyo, na nyingine zilizofuata, ziliwaonyesha Waafrika kama watu wa kuchekwa, na maelezo yaliyoambatana na picha yalijaa dharau za ubaguzi zilizokuwa za kawaida katika sinema za wakati huo. Watu waliojua njia, maji na nyayo, ambao bila wao msafara usingefika popote, walifanywa kichekesho katika kazi waliyoiwezesha. Anayezitazama filamu hizo leo kama hazina ya historia ya wanyamapori hawezi kuufumbia macho upungufu huo.

Johnson pia aliwinda. Kambi ililishwa kwa nyama ya porini, na mizoga iliyowavuta simba ilikuwa ya wanyama waliopigwa risasi kwa kusudi hilo. Tofauti yake na wawindaji wa siku zake ni kwamba kazi yake ilitegemea mnyama abaki hai na atulie, na miaka mingi ya kutazama ilimfanya aamini, kama Akeley, kwamba wanyama hao wangeweza kwisha.

Akeley hakuishi kuona matunda ya kazi hiyo. Alifariki dunia mwezi Novemba 1926 kwenye miteremko ya Mlima Mikeno, Kongo, akiwa katika safari ya kuwachunguza sokwe wakubwa wa milimani. Johnson na Osa waliondoka Ziwa Paradise mwaka 1927.

Angani, na mwisho wa safari

Baadaye walirejea Afrika mara kadhaa. Kati ya mwaka 1929 na 1931 walifanya kazi Kongo wakiwa na vyombo vya kunasa sauti, na filamu yao ya mwaka 1932, Congorilla, ilikuwa miongoni mwa filamu za mwanzo zenye sauti zilizopigwa Afrika. Mwaka 1933 walikuja na ndege mbili za Sikorsky zilizoweza kutua majini na nchi kavu, moja ikiwa imepakwa milia ya pundamilia na nyingine madoa ya twiga.

Kwa ndege hizo Johnson aliyaona kutoka juu yale aliyoyafuata kwa miguu miaka kumi iliyotangulia. Alipiga picha za vilele vya Mlima Kenya na Kilimanjaro, na akaruka juu ya Ziwa Turkana, ambalo wakati huo liliitwa Rudolf. Makundi ya ndovu yaliyohitaji wiki kadhaa kutafutwa yalionekana kwa dakika chache. Picha hizo zilidhihirisha pia ukubwa wa eneo ambalo mnyama wa nchi kame analihitaji ili aishi, jambo ambalo mtu aliyejificha kando ya kidimbwi hawezi kuliona.

Tarehe 12 Januari 1937 ndege ya abiria iliyowabeba Johnson na mkewe ilianguka milimani karibu na Burbank, jimbo la California, ikiwa katika safari ya kawaida ya ndani ya nchi. Johnson alifariki siku iliyofuata, akiwa na umri wa miaka 52. Aliyeponea chupuchupu ndovu na vifaru wengi aliuawa na safari ya saa chache ya kwenda kutoa mihadhara.

Osa aliumia lakini alipona. Mwaka 1940 alitoa kitabu cha maisha yao, I Married Adventure, kilichouzwa kwa wingi sana, na mwaka uliofuata akatoa kingine kuhusu miaka ya Ziwa Paradise. Alifariki mjini New York tarehe 7 Januari 1953. Makumbusho yenye majina yao yalifunguliwa Chanute mwaka 1961, na humo zimehifadhiwa picha na kumbukumbu nyingi za kaskazini mwa Kenya.

Marsabit baada yake

Picha hazikutosha kuwalinda ndovu wa Marsabit. Ulinzi ulihitaji sheria na watu wa kuisimamia. Mwaka 1970 Rais wa kwanza wa Kenya, Mzee Jomo Kenyatta, alitoa amri ya kumlinda Ahmed, ndovu dume wa mlima huo mwenye pembe ndefu mno, na walinzi wakawekwa kumfuata usiku na mchana. Ahmed alikufa kifo cha kawaida mwaka 1974, na umri wake ulikadiriwa kuwa takriban miaka 55. Kwa hesabu hiyo, huenda alikuwa ndama katika makundi yaliyofika kunywa ziwani wakati Johnson akizungusha mpini wa kamera yake. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori. Leo mlima na ziwa hilo viko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Marsabit, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Tishio la bunduki limepungua, lakini maji yamebaki kuwa yaleyale, machache na yasiyotabirika. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280 na punda milia wa Grevy 2,649 nchini Kenya. Mwaka uliofuata mvua ziliendelea kukosekana, na Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Turathi ikaripoti kwamba kati ya mwezi Februari na Oktoba 2022 ukame uliwaua ndovu 205 na punda milia wa Grevy 49. Kwa spishi iliyobakiwa na idadi ndogo kiasi hicho, vifo 49 ni pengo kubwa.

Siku hizi mgeni anayefika Marsabit na kamera ndogo ya simu ana uwezo ambao Johnson hakuuota: picha isiyo na gharama, isiyohitaji dawa wala chumba cha giza, na inayoonekana papo hapo. Kinachobaki bila kubadilika ni masharti ya mnyama mwenyewe. Ndovu aliyetembea usiku kucha kutoka tambarare hadi ziwani akifukuzwa kwa kelele au gari lililosogezwa karibu mno, huondoka bila kunywa, na huenda hana maji mengine karibu. Ndiyo maana kanuni za hifadhi humtaka mgeni abaki kwenye njia zilizowekwa, asitoke garini pasiporuhusiwa na asimsumbue mnyama kwa namna yoyote. Kukaa kwa utulivu, mbali kidogo na maji, kunampa ndovu huyo nafasi ya kunywa na kurudi salama kwenye kundi lake.